Nyama Aliyoisukuma Baba Gati

Bwana asifiwe! Wazee, shikamooni. Kina mama wenzangu, vijana, watoto mliokaa kwenye mkeka pale mbele, nawasalimu wote. Na asifiwe tena huyu Bwana aliyenipa mdomo, maana mimi nikiinuka kusema huwa nachelewa kukaa, mnanijua. Mchungaji ameshanionyesha saa yake. Nimeiona, mchungaji, nitajitahidi.

Kwa wageni, mimi naitwa Rhobi, Mama Gati, wa hapa hapa Nkende. Nilizaliwa Busawe, nikaolewa Tarime, na mume wangu ni Matiko, yule aliyekaa karibu na dirisha, aliyeinamisha kichwa kama vile si yeye ninayemtaja. Gati binti yetu yupo kwaya. Na leo tunao wakwe zetu wa Kenyamonta, baba na mama wa kijana anayetaka kumwoa Gati, wamekaa benchi la pili. Wakwe, nawaheshimu, na naomba mnisamehe kusimama mbele yenu na kusema maneno marefu hivi, lakini haya ninayoyasema ni yenu kwanza, kanisa litasikilizia tu.

Ndugu zangu, wiki iliyopita wakwe walikuja kwetu na mbuzi wao. Alichinjwa, tukapika, tukaketi. Baba Gati alipewa nyama yake, ile ya baba wa binti, mbele ya watu wote, na mume wangu akaisukuma taratibu mpaka mbele ya jirani. Akala ugali na maharage yake niliyokuwa nimemwekea pembeni. Baba mkwe aliona. Wote waliona! Na kwetu huku, mtu akikuletea mbuzi wake kwa ajili ya binti yako na wewe ukaisukuma nyama yake, umemwambia nini? Umemwambia hutaki damu yake ichanganyike na yako. Wakwe waliondoka chai ikiwa bado motoni. Walisema tutaonana, kwa ile sauti ya mtu asiyetaka kuonana. Gati amelia wiki nzima, na leo hata kuimba nimemsikia anaimba nusu.

Mume wangu hakujitetea. Jana asubuhi ndipo alisema neno moja, nami nitawaambia ni neno gani, ila siwezi kulisema kabla hamjajua lilikotoka. Kwa hiyo nianze mwanzo.

Miaka ile dhahabu ilikuwa imepamba moto kule Nyamongo. Hapa mjini ukimtafuta fundi wa paa humpati, yuko shimoni. Ukimtafuta mwalimu wa darasa la tatu, yuko shimoni. Hata ndugu zetu wa ng'ambo ya Sirari, upande wa Kenya, walivuka na makarai yao. Matiko naye alikuwa na shimo na wenzake, wakichimba kwa zamu, wakitwanga mawe, wakiosha. Shimo likikataa, tulikula tulichonacho. Shimo likitema, ilikuwa nyama tu! Alikuwa anarudi na baiskeli, paja la ng'ombe limefungwa nyuma kwa mpira, na watoto wa mtaa mzima wanamkimbilia. Nyama asubuhi na chai, nyama mchana, nyama jioni. Mboga za majani zilikuwa zangu na za mtoto. Mimi kumwekea Matiko mchicha? Angeniuliza tumekosana lini.

Na jikoni haingii. Wakurya mnajua, lakini kwa ninyi mliotoka mbali niwaeleze. Mwanaume wetu akishatahiriwa, jiko si mahali pake. Hafunui sufuria, haulizi kuna nini leo, hasemi ongeza hiki punguza kile. Anakaa nje na chakula kinamfuata aliko. Miaka yote tuliyokaa pamoja Matiko alikuwa hajui hata chumvi naiweka wapi. Shikeni hilo neno, maana ndilo lililotutesa.

Basi zilikuja mvua za masika, shimo likatitia. Nilikuwa nafua, nikasikia watu wanapiga yowe barabarani, shimo la kina Matiko limeanguka na watu wamo ndani. Ndugu zangu, nilikimbia peku. Tulikesha pale juu, wanaume wanafukua, wanawake tunaomba, na mimi moyoni nilikuwa nimeshaanza kulia kilio cha mjane. Kulipopambazuka walimtoa. Alikuwa mzima, vumbi mpaka kwenye kope. Wenzake wawili waliokuwa naye hawakutoka hai. Mungu awarehemu, mmoja wao alikuwa ndiye aliyemshika mkono mume wangu siku ya kutahiriwa kwao.

Baada ya mazishi, mama mkwe wangu, ambaye sasa amelala, alichinja mbuzi wa shukrani. Alimchagulia mwanawe ini na akampelekea kwa mkono wake mwenyewe. Matiko alilitazama, akalisogeza mbele ya Gati, akamwambia mtoto kula. Sisi tulisema huruma imemzidi, mtu ametoka kaburini. Nikafurahi hata. Nikasema sasa ameanza kuwa baba kweli kweli.

Kesho yake nikampikia nyama ya kukaanga, na ikarudi. Nikasema labda anataka ya kuchemsha. Nikachemsha, ikarudi, na mchuzi wake haukuguswa. Nikamnunulia dagaa wa Musoma, nikawakaanga na nyanya mpaka majirani wakaja kuuliza, na dagaa wakarudi. Nikatafuta samaki, sato mzima, ndugu zangu, na sato akarudi ananitazama na jicho lake lile lile. Mayai hakula. Siku nyingine nikamwekea maziwa, akayasogeza. Alikuwa anakula ugali na chumvi, basi, na chai ya rangi. Nikimuuliza anasema ameshiba. Umeshiba nini, Baba Gati? Anainuka na kwenda kukaa nje.

Niwaambie ukweli, nilichanganyikiwa. Neno hilo watu wanalisema ovyo, lakini mimi nilichanganyikiwa kabisa, nikawa naweka chumvi kwenye chai.

Kwanza nilidhani ananiogopa mimi. Siku zile za dhahabu maneno yalikuwa mengi, kwamba wanawake wanawawekea waume zao vitu kwenye mboga ili wasimalizie pesa machimboni. Nikasema, Mungu wangu, huyu mtu anaona nimemwekea dawa! Maana ugali anakula lakini mboga hagusi, na dawa inawekwa wapi kama si kwenye mboga? Nikaanza kuonja mbele yake. Nakata kipande, natafuna, nameza, namfungulia mdomo aone nimemeza. Yeye anatazama chini. Kadiri nilivyoonja ndivyo alivyozidi kuona aibu, na mimi nikiona aibu yake nasema naam, kumbe kweli ananishuku.

Halafu, alipokuwa amerudi machimboni kwenye shimo jingine, nikasema hapana, kuna mwanamke kule anayempikia. Nikapanda gari la mizigo mpaka Nyamongo, nikamkuta mama anayeuza chakula karibu na mashimo, nikamkazia macho. Maskini yule mama! Aliniambia mume wako siku hizi anachukua ugali mkavu na chai, hata nimemuuliza kama anaumwa. Na kwamba wenzake wanamcheka. Nikarudi nyumbani nimeaibika na sijui lolote zaidi ya nilivyokuwa najua.

La tatu ndilo lililonikosesha usingizi. Mama mkwe wangu aliniita akaniambia polepole kwamba wachimbaji wengine wanaenda kwa mganga, na mganga anawapa mwiko. Usile hiki, usiguse kile, na siku ya mwisho anakuja kudai kitu kikubwa. Anadai mtoto. Ndugu zangu! Gati alikuwa mdogo, meno ya mbele ndiyo kwanza yameanza kung'oka. Nikakumbuka lile ini. Nikakumbuka alivyolisogeza mbele ya mtoto, akasema kula. 

Kuanzia hapo nikamfunga Gati kiunoni kwangu, nasema kweli, kwenda kisimani naye, sokoni naye. Na nikaanza kufunga na kuomba. Sasa mjue nyumba ile ilivyokuwa: mume hali, mke hali, na mtoto mmoja tu ndiye anakula nyama yote ya nyumba, ananenepa.

Matiko yeye alikuwa anakwisha. Shimoni hakuweza tena kwenda, shati lilimning'inia. Alikuwa akiinuka kwenye kiti anashika ukuta kwanza. Nilimleta hapa kanisani, wakati ule tulikuwa bado na lile jengo la miti. Mchungaji wa wakati huo, ambaye Mungu alimhamishia kwingine, alimwekea mikono kichwani na kuomba kwa nguvu, na Matiko akaanguka chini pu! Kanisa likalipuka. Haleluya, limetoka! Tuliimba, tulipiga makofi, mimi nilicheza mpaka kilemba kikaanguka. Tukarudi nyumbani kwa furaha. Kesho yake akainama kufunga viatu, akaanguka vile vile, na hakuna aliyekuwa amemwekea mkono. Hapo nikashindwa. Nikasema Bwana, kama lile lilikuwa pepo, na hili ni nini? Leo tunacheka, na mimi nacheka, lakini siku ile nililia kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa ya kumkasirikia Mungu.

Nikaamua kurudi Busawe na mtoto wangu. Nilifunga nguo kwenye kanga, nikasema nitapika chakula cha mwisho halafu tuondoke kabla ya jua kuwa kali. Nyama haikuwepo, maana asiyeenda shimoni hana nyama. Nikachuma majani ya kunde nyuma ya nyumba, nikayapika na karanga za kutwanga, kama mama yangu alivyokuwa anatupikia. Ni chakula changu na cha mtoto. Kumpelekea yeye sikuwaza hata kidogo.

Nikiwa nimeinamia moto, mlango ukaingia giza. Nikageuka. Matiko alikuwa ameinama kupita kwenye mlango wa jiko. Ndugu zangu, kama angeingia simba ningejua la kufanya! Aliingia, akakaa kwenye kile kigoda cha Gati, magoti yamegusa kidevu, akanyoosha mkono, akafunua sufuria. Mvuke ukampiga usoni. Akauliza:

"Hiki kina damu?"

Nikasema ni majani ya kunde na karanga, damu itoke wapi.

"Basi nipakulie."

Akala. Alikula jikoni, kwa mkono, jasho linamtoka, akaongeza, akaongeza tena. Mimi nimesimama na mwiko mkononi, sijui nifurahi au nikimbie. Alipomaliza alitazama lile furushi la nguo, akaelewa. Akaniambia nikae. Nikakaa chini, Gati mapajani.

Aliniambia kwamba kule chini, udongo ulipowafunika miguu na taa ikazimika, wenzake wawili walikuwa karibu naye, anawasikia wanapumua. Akataka kumwahidi Mungu kitu. Akatafuta cha kumpa. Ng'ombe ni wa baba yake. Dhahabu ilikuwa bado imo kwenye jiwe. Akaona kitu kilicho chake mwenyewe ni mdomo wake, na mdomo wake ulipenda nyama kuliko kitu chochote. Akasema ukinitoa, kitu chenye damu hakitaingia tena humu. Basi, ndugu zangu, ndiyo hiyo tu! Si mganga, si mwanamke, si dawa. Mimi nimemfunga mtoto kiunoni kwa ajili ya nadhiri aliyomwekea Mungu wangu mwenyewe!

Nikamuuliza kwa nini hukuniambia? Ungesema siku ya kwanza tu ningeelewa.  Na alichosema hapo ndicho nitakachomalizia, nivumilieni.

Niliyoelewa mwenyewe ni haya. Matiko alikuwa ameweka nadhiri juu ya sufuria asiyoruhusiwa kuifunua. Hakujua kilichomo jikoni. Maisha yake yote alichoona ni ugali na nyama, ugali na nyama, kwa hiyo alidhani ukiondoa nyama kinachobaki ni ugali. Yale majani niliyokula mimi na mtoto miaka yote hakuyahesabu kuwa chakula. Siku ile harufu ya karanga ndiyo iliyomvuta, na njaa ikashinda uanaume. Asifiwe Mungu aliyeziumba karanga!

Nikampeleka zahanati. Nesi alimvuta kope la chini, akatazama ulimi na viganja, akasema damu imepungua, na huku kuanguka ni kwa njaa na upungufu wa damu. Nilimweleza nadhiri. Hakucheka. Alisema mtu anaweza kuishi bila nyama na akachimba mawe, lakini nyama haiondoki hivi hivi, kazi iliyokuwa inafanya lazima ipewe mwingine. Ugali unatia nguvu. Nyama ilikuwa inajenga mwili, sasa kazi hiyo ifanywe na kunde, maharage, choroko, karanga. Majani na matunda yanaulinda. Sahani ikikosa mmoja wao, mtu anaanguka tena. Akasema na majani niyakamulie limau ili damu yake irudi upesi, na chai asinywe pamoja na chakula, asubiri. Na maziwa, akasema, huyu asiyekula nyama wala samaki maziwa asiyaache, au mayai, maana kuna kitu kwenye damu ambacho majani hayana.

Mnadhani kuchanganyikiwa kuliisha? Ndipo kulipoanza kwingine! Mimi najua kupika, lakini kupanga sikujua. Zamani kupanga ilikuwa nini? Ukiwa na nyama unapika, usipokuwa nayo unangoja. Sasa naamka alfajiri nawaza, asubuhi nini, mchana nini, jioni nini. Wiki ya kwanza nikasema maharage yanajenga mwili, basi ajengwe. Nikampa maharage asubuhi, maharage mchana, maharage jioni. Jamani! Alirudi shimoni, na wenzake wakamtoa nje siku hiyo hiyo, wakamwambia apumzike kwanza juu kwenye hewa. Wakwe mnisamehe, hilo lilikuwa lazima niliseme, watu wanaokaa naye karibu kanisani wajue ametoka wapi.

Nikajifunza kuloweka maharage usiku kucha na kumwaga yale maji. Nikajifunza kubadilisha. Asubuhi uji wa ulezi niliotia karanga za kutwanga. Mchana ugali wa mtama na kunde, na majani ya maboga pembeni, na limau. Jioni viazi vitamu au ndizi za kupika na choroko. Parachichi likiwepo tunakata, papai likiwepo tunakata. Akienda machimboni nilimfungia njugu mawe za kuchemsha, anatafuna badala ya ile mishikaki wenzake wanayonunua. Si kila siku niliweza. Siku nyingine hakukuwa na kitu isipokuwa ugali na mchicha, lakini nilijua sasa kwamba kuna pengo, na kesho yake nikalijazia.

Maziwa ndiyo yalitushinda. Yana damu au hayana? Matiko alisema yametoka kwa kiumbe chenye damu, hanywi. Mchungaji alisema anywe. Mzee mmoja wa kanisa akasema nadhiri ni nadhiri, asinywe. Mmoja akasema anywe ya mgando, asinywe mabichi, na mpaka leo sijaelewa tofauti yake mbele za Mungu. Matiko akabaki katikati, kibuyu kimejaa mbele yake, anakitazama.

Aliyetuamulia ni mama mkwe wangu, mama yake Matiko. Alikuwa mtu wa mila, kanisani alikuja siku za misiba tu, lakini ng'ombe aliwajua. Zamani zao walikuwa wanamtoa ng'ombe damu shingoni na kuinywa na maziwa kwenye kibuyu kimoja, kwa hiyo mimi niliogopa kwamba atasema ni kitu kimoja. Alimwita mwanawe, akamwambia:

"Mura, mwanangu, mimi nimekamua na nimeshika kamba wakati wa kutoa damu. Ukimtoa damu, ng'ombe analia. Usipomkamua maziwa, ndipo analia. Sasa wewe niambie kipi ni damu."

Matiko alikinyanyua kile kibuyu akanywa mpaka kikaisha. Na mimi nikatoka nje nikalia kidogo, kwa sababu nilikuwa nimechoka kubishana. Mayai ndiyo bado. Hadi leo anayashika juani anatazama ndani kama kuna kadoa, akikaona anarudisha. Sijui, ndugu zangu, msiniulize, hilo nimelikabidhi mbinguni.

Damu yake ilirudi. Nesi alimvuta kope lile lile akacheka. Akarudi kutwanga mawe na vijana, na alipoacha mashimo akafungua shamba hili la kunde mnalolijua, ndilo limemsomesha Gati. Na jambo lingine, wakwe, nalisema mbele ya wote ingawa ataninunia: jikoni hajatoka tena. Kila asubuhi anaingia, anafunua sufuria, anauliza tumepanga nini. Wanaume wa mtaa walimcheka wakachoka.

Sasa niseme yale maneno mawili niliyowaahidi, la zamani na la jana. Siku ile kwenye kigoda, nilipomuuliza kwa nini hukuniambia, alinijibu hivi:

"Ningekwambia nimeahidi, ungeuliza niliahidije. Nililia, Rhobi. Nililia kwa sauti, nikaita mama. Walionisikia hawakutoka."

Wazee mnaelewa. Kisu cha tohara hakikumfumbisha macho huyu. Akabeba ile siri kwenye tumbo tupu, afadhali afe kwa njaa kuliko mtu ajue kwamba Matiko alilia. Nami nimeitunza miaka yote hii, hata mama yake aliondoka hajui. Wiki iliyopita, wakwe, nyama yenu ilipowekwa mbele yake, angeweza kuwaeleza kwa sentensi moja, nami nilimwachia aseme mwenyewe, na alishindwa, akaacha mdhani anawadharau. Usiku huo hakulala. Na jana asubuhi aliingia jikoni, akafunua sufuria, akaifunika bila kutazama, akaniambia, "Nenda kawaambie wakwe. Usinifiche. Waambie nililia."

Baba mkwe, mama mkwe, ndiyo nimewaambia. Hakuisukuma damu yenu. Mbuzi wenu ni mbuzi wa heshima na Gati ni binti yenu. Yule mtu alikuwa gizani, akamlilia Mungu, akatolewa, na anaendelea kulipa.

Namshukuru Mungu aliyenitoa katika kuchanganyikiwa kwangu, ingawa hakunitoa kote. Na wewe ndugu uliye na jambo umemwambia Mungu peke yake, nakusihi umtegemee, alishakusikia. Lakini mwambie na mtu anayekupikia, maana yeye hajasikia, na ana mwiko mkononi anawaza mabaya.

Sasa nakaa, mchungaji, weka saa mfukoni. Nje nimepika. Kuna ugali wa mtama, kunde za karanga, majani ya maboga, limau limekatwa, na maziwa ya mgando yapo kwenye kibuyu cha marehemu mama mkwe wangu. Wakwe, karibuni kwanza ninyi. Ila leo sipakui. Sufuria ziko juu ya mafiga, zimefunikwa. Baba mkwe, Baba Gati atakutangulia, mfunue wenyewe.